Chuma cha Tisa

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nilikwenda na shangazi makorongoni kupima udongo. Hiyo ndiyo kazi yake. Alikuwa amepigilia vyuma tisa ardhini, vikabaki vichwa tu. Mvua ikibeba udongo, chuma huchomoza, nasi hupima kilichochomoza kwa rula na kuandika daftarini. Kwa kuwa sichoki kuongea, shangazi huniita Chiriku.

Lakini kule hata chiriku hunyamaza. Hakuna jani wala ndege. Maji yameichimba ardhi hadi ikabaki minara ya udongo mwekundu, mirefu kuliko mtu, kila mmoja umejitwisha jiwe bapa. Ukiitazama, ni udongo tu. Ukiipa kisogo, unahisi imekusogelea.

"Leo tugawane kazi," alisema shangazi. "Wewe kapime cha tisa, pale chini ya nyumba ya bibi. Ukiguse kwanza ndipo uandike. Ukiona shida, niite."

Nilipoingia kati ya minara, upepo ulikatika ghafla.

"Hodi!" nikasema kwa mzaha.

Hodi ilirudi mara tatu. Ile ya tatu, nawaambieni kweli, haikufanana na sauti yangu. Kisha changarawe zikaanza kudondoka mahali nisipopaona: ti, ti, ti. Nywele zikanisimama. Nikatimua mbio, na huku nahema nikaandika: sentimita mbili. Mwezi uliopita zilikuwa mbili. Nani angejua?

Shangazi alisoma, akashusha pumzi. "Afadhali! Nilihofia korongo limefika kwenye msingi. Basi bibi yako aendelee kulala chumba cha nyuma."

Moyo ulinilipuka paa! 

"Shangazi, nisamehe. Sikukigusa. Sikufika hata karibu. Niliogopa."

Hakunigombeza. Alinishika mkono, tukarudi pamoja. Chuma cha tisa kilikuwa kimeng'oka, kimelala chini ya genge. Pale kilipokuwa pamefunguka shimo jeusi, limeingia hadi chini ya nyumba. Changarawe bado zilidondoka: ti, ti, ti. Juu yetu tulimsikia bibi akikohoa, na kitanda chake kikilia.

Tulimhamisha saa ile ile. "Mnanibeba kama kuku anayeatamia!" alilalamika njia nzima hadi nyumbani kwa shangazi.

Jumanne mvua ikanyesha. Asubuhi yake chumba cha nyuma hakikuwepo.

Tulisimama mbali tukiangalia. Shangazi akaniwekea mkono begani.

"Kuogopa si kosa, mwanangu. Hata mimi makorongo yale hunitisha. Ungesema tu kwamba umeogopa, tungekwenda wawili. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwako ingeishia kitandani kwa bibi yako. Tushukuru ulirudi katikati ya njia."