Kwa Nini Kitenge Aling'ata

Kila asubuhi, katika mtaa wa Kimanga mjini Uvira, Riziki alichota maji ziwani, kisha akamsaidia mama yake, Aziza, kuanika ndagala juu ya mkeka. Uhuru ulikuwa bado mpya. Mama aliimba huku akigeuza samaki, na Kitenge, mdogo wake Riziki, alicheza akitikisa kiuno mpaka anaanguka. Hata uzeeni Riziki aliikumbuka sauti ile, na harufu ya ndagala juani.

Kisha ukaja mwaka wa uasi. Baba alikuwa amevuka mpaka kwenda Bujumbura kuuza samaki. Vita vikafunga njia. Mama aliacha kuimba. Hakula vizuri, hakupata usingizi, na jambo dogo tu lilimfanya afoke. Kitenge naye, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka mitatu, akaanza kung'ata watu na kumwaga chakula.

"Mtoto huyu amekuwa mbaya!" Riziki alisema siku moja, akamchapa kofi.

Kitenge hakulia. Alimgeukia kuku aliyekuwa karibu, akampiga teke na kufoka, "Niondokee! Nimechoka na weye!"

Yalikuwa maneno ya Mama, na ukali ulikuwa uleule. Riziki akakimbia kwa jirani yao, Mama Rémy, akamweleza yote.

Mama Rémy alikuja na bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kitenge akamng'ata mkono, lakini yeye hakumkaripia. Aliketi karibu na Aziza, akamuuliza taratibu, "Mama Riziki, weye mwenyewe, unalala?"

Aziza akaangua kilio. "Minye sijui kama baba yao iko muzima."

"Lia, dada yangu. Usibebe haya peke yako."

Tangu siku hiyo wanawake wa mtaa walipokezana kuja kupika naye na kumsuka nywele. Riziki alianika ndagala peke yake ili Mama apumzike. Habari za Baba zilikuwa bado hazijafika, lakini jioni moja Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Kitenge alimtazama usoni, akacheka naye, akajilaza mapajani pake. Siku zikapita bila yeye kumng'ata mtu.

"Kumbe hakuwa mbaya," Riziki alimwambia Mama Rémy, akimpapasa Kitenge shavu.

"Hapana, mwanangu," Mama Rémy akajibu. "Mtoto mdogo hana maneno ya kusema hofu iliyomo nyumbani, basi anaisema kwa meno. Ukitaka atulie, kwanza mtunze mama yake."