Kofia ya Maduhu

Maduhu alimwona Ghati kwa mara ya kwanza katikati ya vurugu za stesheni ya Shinyanga, msimu wa pamba wa mwaka 1951, marobota yamepangwa hadi kwenye njia ya abiria na kila mtu anapiga kelele. Ghati alikuwa akiuza chai. Maduhu akanunua kikombe, akakimaliza, akanunua cha pili, jasho likamtoka, akanunua cha tatu.

"Kaka, utapasuka," Ghati akamwambia.

"Nikipasuka utanishona?"

"Mimi nauza chai. Magunia yanashonwa kule."

Mapenzi yao yakaanzia hapo. Maduhu, Msukuma wa Kishapu, alikuwa koplo wa zamani aliyerudi salama kutoka vita vya Burma, na sasa alipakia marobota. Ghati alikuwa binti wa Kikurya kutoka Tarime, mrefu, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kununa. Hakuwa na muda mrefu wa kubaki Shinyanga. Kaka yake alikuwa mgodini Geita, na sasa alikuwa ametuma habari: mnyapara mmoja anamtaka, ng'ombe wako tayari, binti aje.

"Jumamosi tunakwenda Geita wote," Maduhu akasema. "Shemeji nitazungumza naye mwenyewe, ana kwa ana."

"Na akikataa?"

"Nitakunywa chai mlangoni kwake mpaka akubali. Ila mpenzi, asubuhi hiyo Kanali wetu wa Burma anapita na treni. Anarudi kwao Ulaya, anataka kutuaga. Gwaride kwanza, halafu lori."

Jumamosi hiyo Ghati alivaa gauni jipya la maua ya njano. Kaptura ya kaki ya Maduhu alikuwa ameipiga pasi kwa mkono wake mwenyewe. Maduhu alipachika nishani zake kifuani na kuvaa ile kofia pana ya Burma, upande mmoja umekunjwa juu. Alipendeza mno, na Ghati alijua hivyo, akawa anawakodolea macho wanawake wote waliomtazama mara mbili.

Treni ya Tabora ikaingia, bendi ikapiga, askari wakashuka. Nyuma yao akashuka mwanamke mmoja mnene, kanga doti mpya, hina miguuni, wanja machoni.

"Mume wangu!" akapiga ukelele. Akamwendea Maduhu moja kwa moja, akampokonya kofia na kuivaa. "Mtumwa wangu! Umesimama unashangaa nini? Beba mzigo!"

Stesheni nzima ikaangua kicheko. Na Maduhu, badala ya kukasirika, alicheka akabeba mzigo! Ghati akamfuata mbio na kumvuta shati. Alidhani wanamcheka yeye.

"Nani yule?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Yule? Mwamvua. Mzaramo yule!" Maduhu akajibu, kama mtu aliyekwisha kueleza kila kitu. Tarumbeta ikalia, akakimbilia mstarini.

Mzaramo! Sasa Ghati alikuwa na jina la adui na kabila lake. Alichukua kifurushi chake, akapanda juu ya lori la Geita lililosimama ng'ambo ya reli.

"Mwenzako je?" dereva akauliza.

"Sina mwenzangu. Twende."

"Treni imeziba njia, dada. Mpaka iondoke."

Basi aliketi juu ya magunia ya unga, akaapa kwamba kabla jua halijazama atamkubali mnyapara, awe na meno au asiwe nayo.

Kutoka pale juu aliona gwaride lote. Kanali alikuwa mzee, uso mwekundu, na Kiswahili chake kilikuwa cha jeshi. "Askari wangu, mimi nakwenda. Nyinyi mmefanya kazi kubwa. Kwaheri." Akapita akimshika kila mmoja mkono. Lakini alipofika kwenye ngazi ya behewa alimkuta Mwamvua amelala chini, amenyooka, kofia kifuani.

"Hupandi!" Mwamvua akasema. "Ulimchukua mume wangu Kamili, ukamwacha kwenye msitu wa Burma. Kaburi lake sijaliona. Unaaga walio hai peke yao?"

Bendi ikanyamaza. Kanali akasimama, hajui pa kuweka mikono. Ghati akawaza: kumbe mjane! Ndiyo maana anamtaka wangu.

Ndipo Maduhu akatoka mstarini. Akaichukua kofia, akaivaa kombo, akaanza kutembea akivuta mguu wa kushoto.

"Mke wangu, nimerudi!" akasema kwa sauti nzito isiyo yake. "Chakula kiko wapi? Nimechoshwa na biskuti za jeshi."

Ghati alifumba macho. Alipoyafumbua, wale askari wa zamani walikuwa wakicheka huku machozi yanawatoka, maana huo ulikuwa mwendo wa Kamili hasa. Mwamvua aliinuka akimpigapiga Maduhu kwa kanga, anatukana, analia, anacheka. Kanali akampigia saluti yule mtu anayechechemea.

"Kwaheri, Kamili," akasema, akapanda treni.

Treni ilipoondoka, Mwamvua alivuka reli, kofia imerudi kichwani mwake.

"Mke mwenzangu!" akaita. "Mbona umepanda juu kama kuku?"

"Kwetu," Ghati akajibu, "mwanamke hamwiti mwanamume mume wangu mpaka ng'ombe wamefika."

"Maskini! Hujui utani? Sisi Wazaramo na hawa Wasukuma ni watani, mwanangu. Mimi nikifiwa, yeye ndiye wa kunichekesha, amwigize marehemu mpaka nipumue. Kamili, mwenzake wa vitani, hakupata matanga. Leo ameyapata."

Maduhu akafika anahema.

"Kwa nini hukuniambia?" Ghati akafoka.

"Nilikuambia ni Mzaramo!"

Dereva akawasha lori. Maduhu akashika ubao wa nyuma, hacheki tena. "Ghati, nipande au nibaki?"

Ghati aliinama, akaipokonya kofia kichwani kwa Mwamvua, akaivaa mwenyewe mpaka masikioni.

"Utani mmeshafanya," akasema. "Kofia ya mume wangu inakaa hapa."

Mwamvua akapiga vigelegele. Maduhu akarukia juu ya magunia lori likiwa limeshaanza kutembea.

Lori likapita nyumba za mwisho za mji. Kisha Ghati akageuka, akamkazia macho chini ya ile kofia.

"Na huko Burma," akauliza, "nako mlikuwa na watani?"