Wimbo wa Tatu wa Mzee Funguo

Jumamosi alasiri mji wa chuo hutulia tuli. Wanafunzi wengine wamelala, wengine wanaanika nguo kwenye kamba za bweni, na wauza vitabu wamekaa milangoni wanapiga soga. Saa hiyo, ungesimama mbele ya duka la fotokopi karibu na lango la chuo, ungesikia gitaa ghorofani. Linapigwa polepole, vizuri, vizuri kabisa, mpaka roho inaanza kutulia. Halafu ghafla linakosea, na sauti ya mwanamke inasema, "Aa! Palepale tena!"

Aliyekuwa akikosea, ndugu zangu, ni Mzee Funguo. Jina hilo alilipata chuoni, maana kwa miaka thelathini na mmoja ndiye aliyefungua na kufunga kumbi zote za mihadhara. Kila asubuhi shikamoo zilimshukia mpaka koo linakauka kwa kuitikia. "Marahaba, marahaba, ingieni, msinichafulie ukumbi." Kisha akastaafu. Mwaka huohuo mkewe akafariki. Nyumba ya vyumba vitatu ikabaki na mtu mmoja.

Upweke msiuone hivihivi, jamani. Mzee huyu alifika mahali pa kwenda dukani mara tatu kwa siku: asubuhi kiberiti, mchana chumvi, jioni anairudisha chumvi kwa kuwa amekumbuka anayo. Mradi tu aseme neno na mtu, na mtu amjibu.

Si kwamba hakuzaa. Alikuwa na watoto wawili, tena aliwasomesha wakasoma. Binti mkubwa alikuwa mwuguzi katika mji wa mbali, anageuza na kuosha wazee wa watu. Mdogo wake wa kiume alikuwa wakala wa bima, naye aliishi karibu, saa mbili tu kwa basi. Baada ya mazishi ya mama yao walimnunulia baba simu kubwa, wakaanzisha kundi la familia, wakaagana naye mlangoni kwa machozi. Tangu siku hiyo ikapita miaka miwili, na hakuna aliyekanyaga tena kwenye mlango ule.

Lakini salamu walituma, msiwaonee. Kila asubuhi binti aliandika, "Baba, mzima?" Mzee alitafuta miwani, akaandika, "Mzima." Kijana akabandika moyo mwekundu. Basi, siku imekwisha. Kwani mzazi ni jiko la gesi, unabonyeza tu kuona kama linawaka?

Gitaa lilikuja hivi. Alikwenda kwenye duka la fotokopi kunakili karatasi zake za kustaafu, akaona tangazo ukutani: *Masomo ya gitaa, ghorofani, rika lolote.* Akalisoma mara mbili hayo maneno ya mwisho. Mwenye duka, ambaye mji mzima ulimwita Fotokopi, akacheka.

"Mzee, unataka kuanzisha bendi?"

"Nikianzisha, wewe utabeba spika," mzee akamjibu, na wiki hiyohiyo akanunua gitaa kuukuu kwa mwanafunzi aliyekuwa akimaliza masomo.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mchangamfu, mwenye mdomo mwepesi. Chumba chake kilikuwa na viti viwili, birika la chai na kibao cheupe chenye majina ya wanafunzi. Utaratibu wake ulikuwa mmoja na haukuwa na mjadala. Alifundisha nyimbo tatu. Ukizipiga zote tatu bila kosa toka mwanzo hadi mwisho, anakupa mkono, anafuta jina lako na kusema, "Umeiva. Mpishe mwenzio." Vijana walipofutwa jina walishuka ngazi wakiruka.

Mzee Funguo alikuja kila Jumamosi saa tisa. Kabla ya kushika gitaa walikunywa chai, mwalimu akauliza, "Wiki imekwendaje, mzee wangu?" Naye akasimulia: panya aliyeingia stoo, ndoto aliyomwota marehemu, profesa mmoja wa zamani aliyejifungia ukumbini akapiga kelele mpaka jioni. Mwalimu akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Ilikuwa ni saa moja tu katika juma zima. Siku sita zilizobaki mzee alikuwa akiisubiri hiyo saa.

Sasa sikilizeni kisa chenyewe. Mwezi wa nne tu, Mzee Funguo alikuwa amezimaliza nyimbo zote tatu. Mtu aliyetofautisha funguo mia na arobaini gizani kwa kupapasa, atashindwa na nyuzi sita? Nyumbani alipiga wimbo wa tatu, ule mgumu, toka mwanzo hadi mwisho bila kutetereka. Lakini aliwaona vijana wakifutwa majina na kwenda zao, akaelewa kuwa kuiva kwake ndiko kufukuzwa kwake. Basi kila Jumamosi alipofika katikati ya wimbo wa tatu alikipeleka kidole cha pete pembeni, makusudi.

"Mzee wangu, hicho kidole kinakwenda wapi?"

"Kimepotea njia, mwalimu."

"Kila wiki kinapotea palepale?"

"Mwenyewe nimestaafu, mwanangu, na vidole navyo vimestaafu."

Najua mtauliza, si angesema tu ukweli? Aseme nini? Mtu mzima, aliyeshika funguo za chuo kizima, amwambie binti wa watu, "Naomba nije nikae na wewe, sina mtu"? Akaona bora aonekane mjinga kuliko aonekane mpweke.

Lakini njia ya mwongo ni fupi, hata awe mwongo tunayemhurumia. Mwezi wa kumi na moja, Jumamosi ya mwisho kabla chuo hakijafungwa kwa likizo ndefu, mwalimu hakumimina chai.

"Mzee wangu, leo nina neno zito kidogo. Nimelala nikilifikiria." Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe. "Nimeshindwa. Si wewe, ni mimi. Mwaka unakwisha nakufundisha wimbo mmoja, na kuna vijana tisa wananisubiri. Nafasi yako nimempa mwingine. Usinichukie."

Mzee alitazama kibao. Jina lake halikuwapo. Gitaa lilikuwa mapajani, na wimbo wote ulikuwa vidoleni mwake. Lakini angeupiga ili iweje? Akikosea amefutwa, na akipatia atafutwa vilevile. Mtego alioutega umemnasa mwenyewe.

"Haya, mwalimu," akasema. "Umejitahidi sana. Ahsante kwa chai."

Akashuka ngazi polepole. Chini Fotokopi alimtania kuhusu bendi, na mzee akapita na gitaa lake begani.

Chuo kikafungwa. Wanafunzi wakaondoka na masanduku yao, wauza vitabu wakafunga, na barabara ya mabwenini ikawa ya mbwa peke yao. Mzee akaandika kwenye kundi, "Wanangu, likizo hii hamji?" Alifuta mara tatu kabla ya kutuma. Binti akajibu, "Baba, zamu zimenibana, mwezi ujao tutaona." Kijana akaandika, "Tutapanga, baba," na moyo mwekundu.

Zikapita wiki tatu. Mzee aliacha kufungua madirisha ya mbele. Alipiga gitaa mchana, akiwa amekaa kitandani upande wa mkewe, na safari hii hakukosea popote, maana hapakuwa na sababu ya kukosea. Alikuwa amempelekea Fotokopi picha ndogo ya marehemu ili aikuze. Jumatatu Fotokopi mwenyewe akamletea, akakuta wimbo unapigwa ndani, akasimama mlangoni mpaka ukaisha, ukarudiwa wote, ndipo akabisha hodi.

Kesho yake, Jumanne alasiri, mzee alipanda juu ya stuli ili aitundike picha hiyo. Stuli ikayumba. Akaanguka kwa ubavu, mkono wa kushoto ukawa chini ya mwili wote, na nyonga ikalia kwa sauti aliyoisikia masikioni. Alijaribu kuinuka, akashindwa. Aliita jirani, lakini jirani alikuwa amesafiri. Simu ilikuwa mezani, hatua nne tu.

Akalala pale sakafuni mpaka giza likaingia, mpaka kukapambazuka.

Asubuhi simu ikatoa mlio wa ujumbe. Alijua ni binti yake: "Baba, mzima?" Baadaye ikaita kwa kirefu, ikanyamaza, ikaita tena. Mara sita. Mzee, kwa maumivu yote yale, alipata matumaini. Alijiambia, "Sasa ameshtuka. Atampigia mdogo wake, na mdogo wake hayuko mbali. Mchana atakuwa hapa." Kisha simu ikanyamaza moja kwa moja. Akasubiri mlango ufunguliwe. Mchana ukapita.

Ndugu zangu, hapa ndipo hasira inaponipanda. Binti kweli alishtuka, kweli alimpigia mdogo wake. "Baba hapokei. Umeongea naye?" Kijana alikuwa na mteja mbele yake, kalamu mkononi. Akasema, "Nimeongea naye asubuhi hii. Mzima kabisa. Anasema simu inamsumbua." Hakuwa ameongea naye hata neno moja. Alikusudia kumpigia mchana, na mchana akapata mteja mwingine. Miaka miwili walikuwa wakitegeana hivyo, huyu akidhani yule yupo, na yule akidhani huyu yupo.

Aliyemwokoa mzee ni mtu aliyekuja kugombana naye.

Jumatano hiyo jioni mwalimu alikuwa anapita dukani, Fotokopi akamwambia, "Mwalimu, hongera. Yule mzee wako umemfundisha ukamaliza. Nilimsikia juzi, nywele zilinisimama."

"Mzee yupi?"

"Mzee Funguo. Ule wimbo wenu wa palepale tena."

"Usinitanie. Yule hajawahi kuupiga mpaka mwisho."

"Kaupiga wote, tena mara mbili. Mimi sina masikio?"

Mwalimu alipandwa na hasira. Mwaka mzima amejiona mwalimu mbovu, kumbe alikuwa anachezewa! Akauliza nyumba ilipo, akaenda kwa miguu, akaugonga mlango kwa ngumi.

"Mzee Funguo! Fungua, nina kesi na wewe!"

Akagonga tena. Ndipo ikaja sauti nyembamba kutoka chini, kama ya mtoto.

"Mwalimu... mlango wa nyuma. Sukuma."

Hospitalini daktari alisema angechelewa siku moja zaidi wangekuwa wanapanga mazishi. Nyonga ingepona, atatembea kwa mkongojo. Mkono wa kushoto ulikuwa umekaa muda mrefu bila damu. Vidole vitatu havitakunjika tena.

Mwalimu alichukua ile simu, akatafuta jina la binti, akapiga.

"Mimi ni mwalimu wa baba yako, mwaka huu mzima. Alianguka jana. Tuko hospitali."

"Haiwezekani," binti akasema. "Mdogo wangu ameongea naye leo asubuhi."

"Leo asubuhi baba yako alikuwa sakafuni, dada. Hajaongea na mtu yeyote."

Upande wa pili mwalimu akasikia mtu mzima akilia.

Walifika wote wawili kesho yake. Kijana alipiga magoti kando ya kitanda, akaficha uso kwenye shuka. Binti, kwa mazoea tu, kwa kutojua aanzie wapi, akasema, "Baba, mzima?"

Mzee akamgeuzia uso.

"Si mzima, mwanangu. Tangu mama yenu aondoke sijawa mzima hata siku moja. Niliandika mzima kwa sababu ndilo jibu mlilotaka kulisoma."

Binti alitoka nje ya wodi akiwa ameziba mdomo. Kwenye benchi la ukumbini alimkuta mwalimu, macho mekundu, bado hajaenda nyumbani. Akakaa kando yake.

"Mwalimu, samahani, naomba kuuliza. Mwaka mzima baba alikuwa anajifunza nini kwako?"

"Hakuwa anajifunza. Nyimbo zote alikuwa anazijua." Mwalimu alifuta pua kwa kiganja. "Alikuwa anakuja kukaa na mtu. Na mimi, dada yangu, nilikaa naye nikawa nahesabu makosa."

FUNZO

Mzazi haulizwi kwa simu peke yake. Neno "mzima" likitumwa halionyeshi mashavu yaliyoingia ndani, wala madirisha yasiyofunguliwa, wala chumvi inayonunuliwa na kurudishwa. Nenda ukamwone. Keti. Kunywa chai yake hata kama haina sukari ya kutosha. Na wewe mwenye ndugu, usitegee ukidhani mwenzio ameshakwenda. Inawezekana naye hivi sasa anakudhania wewe.

Nanyi wazee wetu, mkiwa na upweke, semeni. Kusema hakuwavunjii heshima. Mzee Funguo aliificha haja yake nyuma ya kidole kimoja, na leo watoto wake wanakuja kila mwezi kwa zamu, wanamwogesha, wanamlisha, wanamwomba awapigie hata wimbo mmoja wausikie. Mkono wa kumpigia mtu hanao tena.