Mwimo wa Fundi Kimya

Shuka lilikuwa limesokotwa nusu, mama ameshika ncha ya huku na binti yake mkubwa ameshika ya kule, maji yakiwachuruzikia miguuni, wifi mtu alipoingia uani bila hodi.

"Kaka yangu yuko wapi?"

"Kaka yako kafuata bawaba," mama alijibu bila kugeuka. "Banda halina mlango, mlango hauna bawaba, na mimi sina kamba ya kuanikia nguo. Kamua wewe, usilegeze!"

Hilo la mwisho alimwambia binti, lakini hasira yenyewe ilikuwa ya mwenye banda.

Mumewe alikuwa karani wa ghala. Seremala hakuwa, ila alikuwa amejiingiza kichwani kwamba angekuwa. Siku moja mama alirudi kutoka kazini akakuta kamba yake imekatwa, nguzo zake zimeng'olewa, na pale palipokuwa na kamba pamesimama fremu ya banda. Hakuulizwa. Tangu hapo kila jioni ni nyundo na msumeno. Mabati yakapigwa, meza ya kazi ikaingia, jiriwa ya kubania mbao ikafungwa, na ukutani kila chombo kikachorewa umbo lake kwa penseli ili kijulikane kinakaa wapi: nyundo hapa, patasi pale, randa katikati. Huko jikoni mlango wa kabati ulikuwa unaning'inia kwa bawaba moja, na haukuwahi kuchorewa chochote.

"Wifi, weka hiyo nguo chini," wifi alisema. "Natoka kwa mjane wa Fundi Kimya."

Fundi Kimya alikuwa akiunda majeneza mtaa wa nyuma. Watu walimwita hivyo kwa sababu hakuongea na mteja. Alitikisa kichwa tu, akaenda kuanza kazi. Alikuwa amefariki, na mdogo wake akaiuza karakana yote kabla hata viti vya msibani havijarudishwa. Mume akaona bahati imemwangukia. Akazinunua mbao zake, akazileta kwa mkokoteni, anapiga mluzi.

"Mjane anasema kuna mti mmoja haukuwa wa kuuzwa. Mrefu, mweusi, umelainika kama umepakwa mafuta. Shemeji yake kauuza yeye akiwa amelala ndani na msiba wake. Hakuulizwa."

"Hakuulizwa," mama akarudia. Hilo alilielewa vizuri.

"Ndio mti aliokuwa akipimia. Marehemu hakuwahi kumpima maiti kwa futi. Anaubeba mti mpaka msibani, anaulaza ubavuni mwa maiti, anakata alama. Anarudi kuunda sanduku kwa alama ile. Watu wakishazika, anachukua randa, anaifuta. Alama ikiwepo, kazi bado. Ndivyo alivyomwambia mkewe, na yule bwana alikuwa haongei hovyo." Wifi akashusha sauti. "Anasema msiuchome na alama zake. Na asisimamishwe hapo mtu aliye hai."

Shuka likamtoka mama mkononi, likaanguka kwenye tope.

Mti ule ulikuwa mwimo wa mlango wa banda. Na jana yake, jua likizama, mumewe aliwapanga watoto wote watatu hapo, mmoja baada ya mwingine, visigino vimegusa mti, akawakatia alama juu ya utosi kwa patasi. "Mwaka ujao tuone nani kaongezeka!" Watoto walicheka. Mama naye alikuwa papo hapo, ameuegemea mwimo kwa upande wa nje, mgongo kwa mumewe, akimwonyesha kwa kidole kamba yake ilipokuwa na kumwambia yote aliyokuwa ameyaweka rohoni. Mumewe nyuma yake akacheka tu, patasi mkononi. Alikuwa mtu wa kucheka.

"Kitinda yuko wapi?" mama alimuulizia mwanawe wa mwisho.

"Bado kalala, mama," binti alisema. "Tangu tulipotoka shule. Anasema miguu inamwuma kwa baridi."

Ndiyo. Mama alikuwa amemwambia avae soksi.

Chumbani palikuwa na giza na harufu ambayo haikuwa ya chumba chake. Vanishi mbichi. Kitinda, ambaye siku zote hulala kama aliyeangushwa kutoka juu ya paa, mguu huku mkono kule, alikuwa amelala chali, amenyooka, mikono ubavuni. Mama akamshika paji la uso. Baridi.

"Mama..." mtoto alinong'ona, macho yamefumba. "Mwambie babu aache."

"Babu gani?"

"Wa vidole virefu. Ananipima kwa shubiri. Amefika hapa..." Hakuweza kuinua mkono kuonyesha. Akaelekeza kwa kidevu. Kifuani.

Mama akamgeukia wifi yake mlangoni. "Njoo ukae hapa. Shika miguu hii. Hata apige kelele, usiiachie."

"Wifi, na wewe unakwenda wapi?"

"Kumalizia kazi ya kaka yako."

Nje jua lilikuwa limeshakwenda, mwanga umebaki kwenye mabati tu. Kutoka bandani ikaja sauti aliyoizoea na kuichukia.

Shwaa... Shwaa...

Randa juu ya ubao. Taratibu, bila haraka, mkono wa mtu anayejua kazi. Mumewe hakuwa na mkono huo. Mumewe akipiga randa ilikwama kila mara, na yeye akatukana.

"Baba watoto?"

Sauti ikakoma.

Akaingia. Hakukuwa na mtu. Harufu ya vanishi ilimjaa mdomoni mpaka akaihisi kwenye ulimi, na bandani humo hakukuwa na kopo hata moja la vanishi. Maranda yalikuwa yametapakaa sakafuni, mabichi, yamejikunja kama nywele. Randa yenyewe ilikuwa ukutani, ndani ya mchoro wake wa penseli, imetulia. Akaigusa.

Ina moto.

Mbao za rafu, ambazo jana zilikuwa nzima, zilikuwa zimekatwa. Nyingine zimeegemezwa ukutani kwa mafungu mawili, la kimo cha binti mkubwa na la kimo cha Mbishi, mtoto wake wa kati. Na juu ya meza ya kazi, bila msumari hata mmoja, zimeungwa kwa ustadi ambao mumewe asingeuweza hata akizaliwa upya, kulikuwa na kisanduku.

Kifupi. Kina ubavu, kina kitako. Kilichobaki ni kifuniko.

Wapo wanaoogopa wakaanza kulia, na wapo wanaokimbia. Mama alihisi hofu, ndiyo, ilimpanda kutoka magotini, lakini ilipofika kifuani ilikuta pamejaa. Hapakuwa na nafasi.

"Sikiliza wewe," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa hakuna msiba. Nani kakuagiza? Kuna nguo mbichi hazina pa kuanikwa, kuna mume asiye na akili, na kuna watoto wangu. Alama kaikata mjinga. Hiyo si kazi. Umenisikia?"

Akaichomoa randa ukutani, akapiga goti mbele ya mwimo. Alama ya chini kabisa ndiyo ya Kitinda. Akaweka randa, akasukuma.

Shwaa.

Mti ulikuwa mgumu kama mfupa. Ukatoa ganda jembamba, jeusi kwa nje, ndani jeupe kama jino.

Na nyuma yake, juu ya meza, nyundo ya mbao ikaanza.

Ko. Ko. Ko.

Hakugeuka. Kifuniko. Alijua ni kifuniko. Akasukuma kwa mikono miwili, jasho likamwingia machoni. Kila aliposukuma yeye, nyundo ilipiga. Aliposita kuvuta pumzi, nyundo haikusita.

Ko. Ko.

Kisha kitu kikamgusa kisigino. Baridi. Kidole gumba. Na juu yake, kwenye shavu la mguu, kidole cha mwisho. Shubiri moja. Ikapanda. Shubiri ya pili, nyuma ya goti...

"Nisipimwe mimi!" Akarusha teke nyuma kama punda. Halikupata kitu, ila vidole vilitoka. Akaiegemea randa kwa uzito wake wote, uzito wa miaka ya ndoo na masufuria, akasukuma mara ya mwisho.

Alama ikaondoka.

Nyundo ikanyamaza. Juu ya meza kitu kikalia, kwaa, mbao zikaachana na kuanguka sakafuni. Na kutoka ndani ya nyumba Kitinda akaangua kilio, kile kilio chake cha kila siku, cha mtoto mwenye njaa ambaye hataki kuguswa miguu.

Mama akakaa chini kwenye maranda. Akapumua. Halafu akasimama, akafuta alama ya Mbishi, akafuta ya binti mkubwa, akapapasa mti kwa kiganja mpaka aliporidhika.

Ndipo mumewe akaingia getini na bawaba zake, anapiga mluzi. Akachungulia bandani.

"Ala! Nani kazikata mbao zangu za rafu?"

Mama akamgeukia, randa mkononi.

"Rudia tena," alisema.

Hakurudia. Mama alimweleza yote pale pale, kwa sentensi fupi, na kwa mara ya kwanza tangu waoane mwanamume yule hakupata cha kuchekea. Alipomaliza alimwambia, "Kesho asubuhi unaling'oa banda. Mti unarudi kwa mwenyewe. Na kamba yangu unaifunga kabla hujanywa chai." Kisha akaingia ndani na randa mkononi. Hakutaka kuiacha na mtu yeyote.

Usiku ulipoingia, chakula kilikuwa mezani. Nguo mbichi zilikuwa zimetandazwa kwenye viti na kwenye mlango wa kabati wenye bawaba moja, na sufuria ilikuwa inafuka moshi. Mama akasimama na upawa, akawatazama mmoja mmoja kabla ya kupakua, kitu ambacho hakuwa na kawaida nacho. Binti mkubwa yupo. Mbishi yupo, anamvuta mwenzake sahani. Kitinda yupo, soksi miguuni, ameanza kudokoa kabla ya wenzake. Wifi, ambaye hakutaka kutembea peke yake gizani, yupo. Mume yupo. Yeye mwenyewe yupo, na randa iko sakafuni karibu na mguu wake.

Wametimia.

Mume alikuwa akiizungusha sahani yake tupu kwa kidole. "Umefuta zote?" aliuliza.

"Zote tatu."

Akaiacha sahani. "Mama watoto..."

"Nini?"

"Na ile ya upande wa nje?"

Upawa ukabaki juu ya sufuria. "Upande wa nje kuna nini?"

"Jana, ulipokuwa umeegemea pale unanisema... nilikuwa nyuma yako. Nilitaka nikutanie tu." Sauti yake ikawa ndogo kuliko ya Kitinda. "Nikakukatia na ya kwako."

Wifi akaweka mkono mdomoni.

Mama akaigusa randa kwa kidole cha mguu. Ipo. Akawahesabu tena, kwa macho, kuzunguka meza yote. Wote wapo.

Na kule nje, kwenye giza la banda lisilo na mlango...

Shwaaa... Shwaaa...

Miburuzo mirefu safari hii. Ya ubao mrefu.

Mama akachota mchuzi, akammiminia mumewe, akajimiminia na yeye. Akavuta kiti, akakaa. Kwa mguu akaisogeza randa karibu zaidi.

"Kuleni," alisema. "Huyo atangoja. Mimi sijala tangu asubuhi."