Vipira Vyenye Kiu

Zawena anaishi Muheza. Mama yake anatengeneza batiki nyuma ya nyumba.

Chovya, kamua, anika! Vitambaa vya bluu vinapepea kwenye kamba.

Lakini maji ya rangi yanabaki. Mama anayamwaga mferejini. Chururu, chururu! Yanateremka mpaka bustanini kwa Mzee Shemdoe.

Siku moja Mzee Shemdoe anakuja na mchicha mkononi. Mchicha umenyauka. Mizizi yake ni bluu.

"Jirani," anasema kwa upole, "maji yako yanaua mchicha wangu."

Mama anaona aibu. "Nisamehe, Mzee Shemdoe. Batiki naacha, mpaka nijue la kufanya."

Mama aache batiki? Machozi yanamlengalenga Zawena.

Mama anampigia simu Shangazi Hadija. Shangazi anafanya kazi maabara. Kazi yake ni kusafisha maji machafu.

Jumamosi Shangazi anakuja na chupa. Ndani mna vipira vyeusi vya jeli, vidogo kama mbegu za papai.

"Vinateleza!" anacheka Zawena.

"Vina vumbi la chuma ndani," anasema Shangazi. "Na vina kiu. Vinakunywa rangi."

Zawena anavimimina kwenye ndoo ya maji ya bluu. Chubwi, chubwi!

*"Nyweni rangi, nyweni!
Maji tuachieni!"*

Wanasubiri. Wanasubiri sana. Maji bado ni bluu.

"Pole, wifi," Shangazi anamwambia Mama. "Kule maabara vilikunywa."

Mama anaanza kuanua vitambaa.

Zawena anachungulia ndani ya ndoo. "Shangazi, vimelala chini! Rangi ya huku juu vitainywaje?"

"Kumbe!" anasema Shangazi. "Kule maabara kuna mashine ya kukoroga. Hapa hakuna mashine."

"Nipo mimi!" anasema Zawena.

Anachukua mwiko mrefu. Koro-koro, koro-koro!

*"Nyweni rangi, nyweni!
Maji tuachieni!"*

Mkono unachoka. Anabadilisha mkono. Koro-koro, koro-koro!

Sasa Mama anaimba. Shangazi naye anaimba.

*"Nyweni rangi, nyweni!
Maji tuachieni!"*

Bluu inafifia. Inafifia tena. Inafifia... Haipo!

"Lakini vipira vitatokaje?" anauliza Mama.

Shangazi anampa Zawena sumaku kubwa. Zawena anaibandika ubavuni mwa ndoo.

Shwaaa! Vipira vyote vinaikimbilia. Vinaganda pale pale, ndi!

Mama anamimina maji kwenye beseni, polepole. Maji yanatoka. Vipira vinabaki.

Maji ni meupe pe!

"Tumeweza!" Mama anamrusha Zawena juu. Shangazi anapiga vigelegele.

Mzee Shemdoe anasikia kelele. Anakuja mbio. Anatazama beseni. Anamtazama Zawena.

"Jamani!" anaita mtaa mzima. "Njooni muone alichofanya Zawena!"

Akina mama wengine wa batiki wanakuja na ndoo zao za maji ya rangi. Nyekundu! Njano! Zambarau!

Zawena anakunja mikono ya gauni lake.

"Haya," anasema. "Nani anaanza?"