Mgongo wa Tajewo

Tajewo alikuwa mlinzi wa geti katika shamba moja la kahawa karibu na Karatu. Kwao ni juu, Ngorongoro, kwa wafugaji wa Kimaasai. Mwaka 1981 alihamia shambani na mkewe, Naserian, na mtoto wao mdogo, Nareyu. Kila siku saa kumi alasiri alikabidhi zamu kwa mwenzake. Kisha alikwenda kucheza kriketi.

Msomaji, usishangae. Shamba lile lilikuwa na uwanja wa kriketi tangu zamani. Mchezo wenyewe ni hivi: mtu mmoja anarusha mpira mgumu wa ngozi, na mwingine anaupiga kwa gongo bapa. Nyuma ya mpigaji kuna vijiti vitatu. Mrushaji akiviangusha, mpigaji anatoka; mpigaji akiupeleka mpira mbali, anakimbia kupata alama.

Aliyefundisha ni Mwalimu Sylvesta, Mwiraqw wa pale Karatu. Zamani alitunza uwanja wa kriketi mjini Arusha, akajifunza huko. Siku moja alimwona Tajewo akirusha rungu na kupiga kopo lililokuwa mbali sana. Akamwita palepale.

"Lakini huku si kurusha rungu," alimwambia. "Ukikunja kiwiko, mpira wako unakataliwa. Mkono uje juu, umenyooka."

"Na mbio, Mwalimu?"

"Anza polepole, uongeze. Hufukuzi fisi. Hatua zako ziwe zilezile kila mara."

Tajewo alijifunza haraka. Mpira wake ulikuwa na kasi ya kutisha. Timu ya Arusha ilitarajiwa kuja mwezi Julai, na Mwalimu alitaka sana kuifunga. Kila jioni ikawa, "Tena, Tajewo. Tena."

Mwezi Mei mgongo wa Tajewo ulianza kuuma, chini, upande wa kushoto. Hakumwambia mtu. Siku ya tohara yake hakupepesa hata jicho, na wenzake wa rika walimshuhudia. Tangu siku ile hakuwahi kutamka kwamba anaumia. Aliona kusema hivyo ni kumwaibisha baba yake na rika lake lote. Basi akazidi kurusha.

Aliyegundua ni Naserian. Asubuhi moja alimkuta mumewe amelala chali, anahangaika kuvaa katambuga.

"Baba Nareyu, una nini?"

"Sina kitu."

"Huna kitu gani? Tangu lini mtu anavaa viatu amelala?"

Tajewo aligeukia ukutani. Naserian hakubishana naye. Alikwenda zahanati akarudi na Nesi Cresensia. Njiani walimpitia Mwalimu Sylvesta.

Nesi alimbonyeza Tajewo mgongoni. "Hapa panauma?"

Kimya. Jasho lilimtoka Tajewo usoni.

"Tajewo, mdogo wangu," alisema Nesi, "ng'ombe akinyamaza namwelewa, hana maneno. Wewe unayo. Ukinificha, nitatibu nini?"

Ilimchukua muda. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Hapo."

Nesi alimwandikia barua ya kwenda hospitali kupigwa picha. Waliporudi na majibu, alikaa nao nyumbani, Mwalimu naye akiwepo, akawaeleza.

"Mfupa wa mgongo umepata ufa mwembamba. Kila unaporusha, unatua kwa mguu mmoja huku unapinda kiuno. Uzito wote unapita hapo. Mfupa hujijenga wenyewe, lakini mpaka upumzishwe. Usipoupumzisha, ufa unaongezeka. Unaweza kushindwa kazi kabisa, hata kuchunga."

"Nipumzike siku ngapi?"

"Miezi minne. Usirushe hata mpira mmoja."

Naserian alilia, na kilio chake kilikuwa cha hasira. "Nimelala na mtu aliyevunjika mfupa, na hakuniambia," alisema.

Mwalimu Sylvesta alikuwa ameinamisha kichwa. "Kosa ni langu pia," alisema. "Nilihesabu vijiti ulivyoangusha. Sikuhesabu mipira uliyorusha. Arusha niliona warushaji wengi wenye kasi. Wengi walipotea haraka. Waliodumu ni wale waliopiga mahali pamoja, mpira baada ya mpira. Walimchunguza mpigaji, wakajua asichokipenda. Walishika mpira kwenye mshono, ili ukigonga chini ubadili njia. Na mwili ulipowaambia basi, walisikia. Haya yote niliyajua, nikakufundisha kasi peke yake."

Julai timu ya Arusha ilikuja, ikashinda. Tajewo alikaa pembeni akitazama. Iliumiza kuliko mgongo.

Miezi minne ilipokwisha alipigwa picha tena. Ufa ulikuwa umeziba. Alifanya mazoezi ya kukaza tumbo na kiuno. Kisha akaanza kurusha, taratibu. Mwalimu alitandika kitambaa chini, mbele ya mpigaji, na kazi ya Tajewo ilikuwa kukigonga. Tajewo alitia punje thelathini za kahawa mfukoni. Kila mpira, alitupa punje moja. Zikiisha, anakwenda nyumbani, apende asipende.

Februari timu ya Arusha ilirudi. Safari hii mzee Metui, baba yake Tajewo, aliteremka kutoka Ngorongoro pamoja na vijana kadhaa wa rika la mwanawe. Walisimama kando ya uwanja na fimbo zao.

Tajewo aliwatoa wapigaji wanne, na wenzake wakawatoa wengine. Alibaki mmoja tu wa kutolewa, na Arusha walihitaji alama tisa ili washinde. Hapo akasikia maumivu, palepale pa zamani. Alisimama na mpira mkononi. Watu wote walikuwa wanamtazama, na baba yake miongoni mwao.

Akamwendea Mwalimu, akampa mpira. "Mgongo unauma," alisema, kwa sauti iliyosikika uwanja mzima.

Mwalimu alimpa mpira Clemensi, dereva wa trekta. Arusha wakashinda.

Maumivu yale yaliisha baada ya wiki chache za kupumzika, na Tajewo alirusha misimu sita zaidi. Lakini siku ile hakulijua hilo. Alijua tu kwamba lazima amwendee baba yake.

"Umesema unaumwa, mbele ya watu," alisema mzee Metui kwa Kimaasai.

"Ndiyo, baba."

"Na wenzako wa rika wakisikia."

"Ndiyo, baba."

Mzee aliegemea fimbo yake. Kisha akainama, akashika goti lake la kulia.

"Hili linaniuma tangu mwaka wa ukame," alisema. "Huyo nesi yuko wapi?"