Mapazia ya Chumba cha Nyuma

Kofi la kwanza lilisikika kama kofi lolote lile. La pili Githae alilipiga akiwa amesimama kwenye kona ya dirisha, na halikusikika kabisa. Viganja vilikutana, vikamwasha kidogo, lakini masikioni hakikuja kitu. Akasogea hatua moja, akapiga tena: paa. Akarudi konani, akapiga. Kimya.

Alicheka peke yake. Alijua kazi aliyoifanya ni nzuri, ila hakutarajia iwe nzuri kiasi hicho.

Chumba hicho kilikuwa cha mwisho kabisa kwenye ploti waliyopanga mtaa wa Gitothua, ng'ambo ya ua kutoka nyumba yao. Githae alikuwa amekikodi ili arekodi kwaya na waimbaji wa injili. Mwanzoni alibandika trei za mayai ukutani kama alivyoona wengine wakifanya, lakini sauti iliendelea kudunda, na kila aliyeimba mle alisikika kana kwamba yumo ndani ya tangi la maji. Baadaye akajifunza kwamba kinachomeza sauti ni kitu kinene na kizito. Akanunua mbao za sipresi, akaunda fremu tisa, kila moja futi nne kwa mbili, akazijaza blanketi kuukuu zilizokunjwa. Kilichobaki kilikuwa kitambaa cha kufunika.

Hicho alikipata Thika kwa Nazir, mwuza vitambaa, ambaye siku hizo alikuwa anahamisha vitu kutoka nyumba ya babu yake ili ibomolewe pajengwe fleti. Katika chumba cha nyuma cha nyumba hiyo kulikuwa na mapazia ya mahameli ya kijani, mazito hata ilibidi wayabebe wawili.

"Hata sijui yamekaa huku miaka mingapi," Nazir alimwambia. "Mimi nimelelewa Nairobi. Chukua tu, huku kuna vumbi tupu."

Githae aliyakata kwa mkasi, akayapiga stepla juu ya fremu, akazitundika zikiwa zimeachana na ukuta kwa inchi mbili. Mutheu, mke wake, aliingia kutazama, akasimama mlangoni.

"Chumba kinanuka udi," alisema.

"Ni nguo za kitambo. Itaisha."

Haikuisha. Kila asubuhi alipofungua mlango, harufu ya udi ilimpokea pamoja na nyingine chini yake, kama ya jiwe lililolowa.

Mtu wa kwanza kurekodi mle alikuwa Waithira, mwimbaji wa kwaya moja ya mtaa wa Kimbo, mwanamke ambaye akiimba peke yake kanisani hata watoto huacha kuchezacheza. Alikuja siku tatu mfululizo. Siku ya tatu alianza kukohoa. Jumatatu alirudi akiwa amefunga skafu shingoni, na sauti iliyotoka ilikuwa kama mchanga unaosuguliwa kwenye sufuria.

"Daktari ameangalia koo," alinong'ona. "Anasema hakuna kitu."

"Pumzika wiki moja, dadangu. Itarudi."

Alipoondoka, Githae alivaa hedifoni akaanza kusikiliza kazi yao. Kati ya ubeti wa pili na wa tatu, mahali ambapo Waithira alinyamaza ili kinanda kipite, alisikia mtu akivuta pumzi karibu sana na maiki. Kisha, polepole, bila hasira: "Shhh." Vile mtu mzima anavyowatuliza watoto katika nyumba yenye mtu aliyelala. Kuanzia hapo sauti ya Waithira ilizidi kukonda, ubeti baada ya ubeti, hadi mwisho ukabaki mlio wa midomo tu.

Akamwita Mutheu asikilize. Mutheu alisikiliza mpaka mwisho, akavua hedifoni, akaziweka mezani kwa utaratibu.

"Ulikuwa na nani humu?"

"Mimi na Waithira tu."

"Huyo ni mwanamume mzee, Baba Ciku. Na si wewe."

Githae alijaribu kumweleza kuhusu mtambo kuingiliwa na mawimbi ya redio. Alipofika katikati ya maelezo aliyaacha, kwa sababu yeye mwenyewe hakuyaamini.

Jumamosi alasiri Mutheu alikuwa anafua, Githae amelala kochini, na binti yao Ciku, wa darasa la kwanza, alikuwa uani akiimba wimbo wa shuleni. Githae alikuwa akiusikia katika usingizi wake mwepesi. Kisha hakuusikia. Hakuna mlango uliobamizwa wala kilio kilichotoka. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Alitoka nje akaona kiatu kimoja cha mtoto mbele ya chumba cha mwisho na mlango uko wazi kiasi cha mkono, na alipouvuka ua jua likiwa bado linachoma, majirani wakianika nguo na redio ya mtu ikisoma matangazo ya vifo, alianza kuona kwamba kila hatua aliyopiga ilipunguza kitu katika dunia, redio kwanza, kisha maji ya Mutheu kwenye beseni, kisha viatu vyake mwenyewe kwenye kokoto, hata alipoushika mlango na kuusukuma alikuwa hasikii hata moyo wake ambao aliuona ukilitikisa shati, na pale katikati ya zile paneli tisa za kijani alisimama Ciku, mdomo wazi, shingo imevimba kwa nguvu anazotumia, akiimba au akipiga mayowe, Githae hakuweza kujua ni lipi, huku macho ya binti yameelekea kona ya dirisha, yakitazama juu, kama mtoto anavyomtazama mtu mrefu aliyeinama kumsemesha.

Alimnyakua akatoka naye. Uani redio ilirudi, maji yakarudi. Ciku alilia machozi bila sauti.

Mutheu alimpa daftari. Mtoto akaandika, herufi kubwa zikipanda na kushuka: *mzee anasema ninyamaze.*

Githae alichukua nyundo na galoni ya mafuta ya taa. Mutheu akamshika mkono mlangoni.

"Usichome kitu hujui ni cha nani," alisema. Mkono wake haukulegea. "Kwetu Kitui wangekuuliza kwanza umetoa wapi. Umetoa wapi, Githae?"

Akampigia Nazir. Nazir alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akasema atauliza nyumbani. Baada ya dakika kumi alipiga yeye mwenyewe. "Shangazi yangu anauliza kama mlikata."

"Tulikata."

Githae alisikia neno hilo likitafsiriwa, kisha sauti ya mwanamke mzee ikiuliza njia ya kufika Gitothua.

Shangazi Zarina alifika Jumanne saa nne asubuhi, mwanamke mdogo wa mwili, karibu miaka themanini. Nazir alibaki kwenye gari. Zarina alivua viatu nje ya kile chumba, akatoa salamu mlangoni kama mtu anayepiga hodi kwa mkubwa wake, akangoja, ndipo akaingia. Githae na Mutheu walisimama nje na mtoto katikati yao. Waliona midomo yake ikienda. Mara alinyamaza akaitikia kwa kichwa. Mara alifungua mikono kama anayeomba radhi. Hawakusikia lolote.

Alipotoka alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaomba maji.

"Si mwovu," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Ni mzee, anataka kusali kwa utulivu. Bibi yangu ndiye alimpa chumba cha nyuma na akamwekea mapazia ili kelele zetu zisimfikie. Sisi watoto tulipita pale kwa vidole. Nazir hajui, hakuna aliyemwambia. Sasa nyumba imebomolewa, na ninyi, kwa kuchukua mapazia yake, mmemleta kwa watu wanaoimba."

"Tumrudishe wapi?" Mutheu aliuliza.

"Hakuna pa kumrudisha. Amesema chumba hiki kinamtosha. Kifungeni, msitoe hata kipande, mtu asiingie. Naye atamwachilia mtoto sauti yake."

"Na Waithira?" Githae aliuliza.

Zarina alikunywa maji yote kabla ya kujibu. "Nilimwomba. Nilimwomba mara mbili. Hakutaka kuzungumza juu yake."

Jioni hiyo, akinywa uji, Ciku alisema umemchoma ulimi. Mutheu alitoka nje ili mtoto asimwone akilia.

Mwezi haukuisha kabla hawajahamia Kiganjo, kule Thika. Mitambo waliiacha ndani, na Githae akaenda na ufunguo. Kila mwezi analipia chumba asichokitumia, na mwenye ploti hajawahi kuuliza sababu. Waithira hukaa kiti cha mwisho kanisani sasa. Githae amewahi kwenda kumweleza. Alifika hadi getini kwake, akamwona akiita kuku kwa kupiga sahani, akarudi.

Wiki iliyopita, alasiri, simu yake ililia. Alikuwa Boaz, anayetunza ile ploti ya Gitothua.

"Baba Ciku," Boaz alisema, "mbona hukuniambia umeweka mpangaji?"

"Mpangaji gani?"

"Yule mzee wako. Nilikuwa napiga mabati msumari juu ya kile chumba, akafungua mlango, akaniangalia. Mrefu sana yule mzee. Akaweka kidole mdomoni. Nikashuka." Boaz alikohoa. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo. "Ni mtu wa heshima lakini. Hana maneno."

"Boaz, umeanza lini kukohoa?"

"Jana tu. Ni hii baridi ya—"

Neno halikumalizika. Githae alisikia Boaz akihangaika, pumzi ikitoka tupu, kisha simu ikiguswa kana kwamba inahama kutoka mkono hadi mkono. Mtu akavuta pumzi karibu sana.

Nje, kwenye ua wa Kiganjo, Ciku alikuwa akiruka kamba, akiimba kwa sauti yake yote.

Githae aliikata simu haraka, akatoka mbio kumnyamazisha.